Difu loki ya nyuma: kabla hujailipia, kaangalie tairi lililosimama

Pikapu ya mtumba ikishaoshwa injini na kupigwa polishi, dalali hachelewi kukuonyesha swichi moja ndogo pale kwenye dashibodi, yenye mchoro wa ekseli na alama ya X kwenye difu ya nyuma. "Hii ina loki, bosi. Hii haikwami." Vuka barabara umuulize fundi, atakwambia loki ni mapambo, kinachovusha gari ni dereva. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na mnunuzi ndiye anayelipia ile nusu iliyokosekana.

Msimamo wangu ni huu: difu loki, yaani kifaa kinachozifunga tairi mbili za ekseli moja zizunguke kwa pamoja, haiongezi mshiko hata chembe. Inautumia mshiko ambao tayari upo chini ya tairi moja, ambao difu ya kawaida inauacha ukae bure. Kwa hiyo swali la kama pikapu yako inaihitaji halihusu ukali wa safari zako wala ukubwa wa injini. Linahusu kama njia unazopita zina tofauti kati ya tairi la kushoto na la kulia.

Difu inagawa nini hasa

Gari likipinda, tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Pikapu yenye mita 1.5 kati ya tairi lake la nyuma la kushoto na la kulia, ikizunguka duara moja kamili, tairi la nje litakuwa limetembea takriban mita 9.4 zaidi ya mwenzake, duara liwe dogo au liwe la uwanja wa mpira. Zikifungwa pamoja kwenye chuma kimoja, lazima moja liburuzwe. Difu ilibuniwa kuondoa adha hiyo, na ni ya zamani kuliko gari la petroli lenyewe: fundi saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, aliipatia hataza mwaka 1827, akilenga gari la mvuke.

Ndani yake propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi, inazungusha pinioni (gia ndogo), pinioni inazungusha krauni (gia kubwa ya duara), na krauni imefungwa kwenye kasha lenye gia ndogo ambazo gereji zinaziita spaida. Spaida ndizo zinazosukuma saidi shafti mbili, moja kwenda kila tairi. Zinaziacha tairi zizunguke kwa mwendo tofauti, lakini nguvu zinazopeleka kushoto na kulia ni sawa kwa sawa, kila wakati. Watu wengi hudhani difu ya kawaida "inapeleka nguvu zote kwenye tairi linaloteleza." Haifanyi hivyo. Inapeleka sawa, ila sawa hiyo haiwezi kuzidi kile ambacho tairi dhaifu linaweza kukibeba.

Waliolima kwa jembe la kukokotwa wanaijua hali hii. Nira imefungwa mnyororo mmoja katikati. Ng'ombe mmoja akilegea, nira inageuka upande, na yule mwenye nguvu hawezi kuvuta zaidi ya mwenzake hata umchape vipi. Loki ni kuifunga ile nira isigeuke. Hapo ng'ombe mwenye nguvu anavuta kwa nguvu zake mwenyewe.

Hesabu ndogo

Nimechagua namba zinazogawanyika kirahisi. Pikapu tupu ina kilo 2,000: kilo 1,100 zimekalia tairi za mbele, 900 za nyuma. Inapanda mlima unaoinuka mita moja kila mita kumi, kwa hiyo inahitaji msukumo wa kilo 200 hivi, mbali na tope linaloikokota nyuma. Tairi za kushoto ziko kwenye utelezi unaoshika asilimia 10 tu ya uzito ulio juu yake. Za kulia ziko kwenye changarawe ngumu inayoshika asilimia 60.

Kila tairi la nyuma limebeba kilo 450. La kushoto linaweza kusukuma kilo 45 kabla halijaanza kusugua, yaani kuzunguka bure. La kulia lina uwezo wa 270, lakini difu inagawa sawa, kwa hiyo nalo linaambulia 45. Jumla 90. Hupandi. Ingiza fowili, yaani tairi za mbele nazo zisukume: mbele unapata 55 kila upande, yaani 110, na jumla inakuwa 200. Umefika mpakani, na tope litakurudisha. Sasa funga difu ya nyuma. Kushoto 45, kulia 270, nyuma peke yake unapata 315, na ukiongeza 110 za mbele unakuwa na 425. Unapanda huku redio inaimba. Tena tazama kitu ambacho wauzaji hawakitaji: loki bila fowili, 315, imeipita fowili bila loki, 200.

Badilisha jambo moja tu. Utelezi uwe pande zote mbili. Fowili bila loki inakupa 200: 110 za mbele na 90 za nyuma. Fowili yenye loki inakupa 200 vilevile. Umebonyeza swichi, taa imewaka, na hujaongeza hata kilo moja.

Mabishano yote ya gereji kuhusu loki yanatoka kwenye hesabu hizi mbili. Anayeisifia amekwama mara nyingi kwenye hali ya kwanza. Anayeidharau amekwama kwenye ya pili.

Milima, makorongo na mbuga

Hali ya kwanza ni ya milima iliyochimbwa na maji. Chukua njia za mashambani kule Usambara baada ya masika: maji yamechonga mfereji upande mmoja, upande mwingine udongo mwekundu umekauka na kuwa mgumu kama sakafu. Tairi moja lazima lishuke kwenye mfereji. Halafu kuna jambo la mzigo ambalo wanaopima magari kwenye barabara za majaribio hulisahau: mkulima wa kabichi na nyanya wa Lushoto anashuka na mzigo, anapanda mtupu. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na springi zake, zile za vyuma vya bapa vilivyobebana, zimetengenezwa kwa ajili ya tani moja. Bila mzigo ni ngumu, hazijikunji kufuata shimo. Kwa hiyo tairi la nyuma linanyanyuka mapema mno, na linanyanyuka wakati mlima ndio umekaza. Mtu wa aina hii simpi ushauri mrefu. Anaihitaji loki, na ataitumia kila mvua.

Korongo ndilo linaloonyesha mambo waziwazi zaidi. Dereva anaingia kwa mshazari, kwa sababu akiingia moja kwa moja bampa litagonga ukuta wa ng'ambo. Tairi la mbele kulia linadondokea kwenye shimo na kuning'inia. La nyuma kushoto linaacha ardhi. Uzito wote umebebwa na mawili yaliyobaki, yaliyokabiliana kona kwa kona. Dereva anakanyaga mafuta. La nyuma kushoto linazunguka hewani na kurusha vumbi, na la nyuma kulia, ambalo limegandamizwa juu ya jiwe kwa uzito mkubwa kuliko siku zote, halisogei hata kidogo. Ukitupia jicho mbele utaona la kulia nalo linazunguka bure. Gari la fowili, injini ya lita tatu, na limeshindwa na shimo linaloweza kumezwa na kivuli chake. Bonyeza loki hapo, subiri taa itulie, kanyaga taratibu: lile la nyuma kulia linasukuma gari kana kwamba shimo halikuwepo. Wanaovuka mito mikavu ya kaskazini mwa Kenya, kwenye mawe na kingo zilizoliwa, wanaishi na hali hii mwaka mzima.

Hali ya pili ni mbuga. Udongo mweusi wa Wembere, wa Shinyanga, wa Kitengela, wa tambarare za Kano: ukilowa, unajaza michirizi ya tairi mpaka linabaki jeusi na laini, na tairi laini halishiki kitu, liwe moja au manne. Hapo loki inakusaidia kidogo tu, pale tairi moja linapobahatika kukanyaga nyasi au kipande cha changarawe. Kilichobaki ni tairi zenye meno mapana yanayojisafisha, minyororo ya tairi, mwendo usiokatika, au kuahirisha safari. Kuahirisha hakusifiwi na mtu, lakini wenyeji wa mbuga ndicho wanachofanya.

Tena kuna hatari ambayo dalali haijui na fundi wa mjini hajaiona. Barabara ya udongo iliyochongwa na greda iko juu katikati na inashuka pembeni ili maji yatoke. Ikilowa, difu ya kawaida ina ustaarabu fulani: tairi moja likisugua, la pili linabaki limetulia na kushika mkia wa gari mahali pake. Ukifunga loki, tairi zote mbili za nyuma zinasugua kwa pamoja, na tairi linalosugua halina tena nguvu ya kuzuia gari lisiende upande. Mkia unateremka mtaroni taratibu, huku wewe unageuza usukani kwa utulivu kabisa upande usiosaidia. Kwenye mteremko wa ubavuni ambako pembeni kuna bonde, hiyo si kero tena, ni ajali. Mtu wa barabara za namna hii hata akiwa na loki atajifunza kuiacha imefunguliwa.

Mchanga nitaupitia haraka, kwa kuwa jibu lake linajulikana: toa upepo. Tairi likishushwa hadi PSI 18 au 20 linajilaza, linakanyaga eneo kubwa na kuelea juu ya mchanga. Hilo linafanya kazi kubwa kuliko loki, na gharama yake ni kipimo cha upepo na kompresa ya kurudishia. Jangwani au ufukweni tairi zote ziko kwenye mchanga uleule, na hesabu ya pili ndiyo inayotawala. Loki inaweza kukuongezea kidogo tairi moja likianza kuchimba, ila gari lililofungwa linakataa kona na kulima mbele, na kulima kwenye mchanga ndiko kuzama.

Gari lako huenda tayari lina kitu

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni zina mfumo unaotumia breki kuzuia tairi kusugua. Sensa zikiona tairi moja linazunguka kupita wenzake, kompyuta inalibana breki. Rudi kwenye hesabu yetu: tairi la kushoto lina mshiko wa kilo 45, breki ikilibana kwa nguvu ya kilo 150, difu inadhani upande huo unabeba 195, na kwa kuwa inagawa sawa, la kulia nalo linapata 195. Jumla ya ardhini inakuwa 240 badala ya 90. Si haba, na haukubonyeza chochote.

Mfumo huu una kasoro mbili. Kwanza, unasubiri tairi lisugue ndipo uamke, kwa hiyo gari linakuwa limepoteza mwendo, na kwenye tope mwendo ndio mali. Pili, ule ubanaji wote unageuka joto. Ukiung'ang'ania kwenye mlima mrefu, mfumo unaweza kujizima ili kuokoa breki. Madereva wengi nao wanaukatisha wenyewe: wakisikia breki zinagongagonga na gari linatetemeka, wanaachia mafuta. Ungekaza mguu ukiwa umetulia, sekunde mbili zaidi, ungevuka. Kwa mtu wa mjini anayekwenda kijijini siku za Krismasi na Idi, mfumo huu unatosha kabisa, na sioni kwa nini aongeze kitu.

Kuna jambo la kuangalia kwenye kitabu cha gari: katika baadhi ya pikapu, ukifunga loki ya nyuma mfumo huu wa breki unazimika hata kwa tairi za mbele. Unapata nyuma, unapoteza mbele. Kwenye lile korongo la mshazari tofauti inaonekana, na ndiyo maana dereva mzoefu wa gari la namna hiyo hujaribu kwanza bila loki.

Nyingine zina LSD, ile difu yenye pleti za klachi ndani zinazosuguana ili tairi moja lisikimbie mno. Zilikuja nyingi kwenye pikapu za kazi za Kijapani. Ikiwa nzima, inalipa tairi lenye mshiko labda mara mbili ya lile dhaifu: 45 kushoto, 90 kulia. Nzuri kwenye utelezi mwepesi, lakini tairi likiwa hewani kabisa, mara mbili ya sifuri ni sifuri, ukiacha ule mkazo mdogo wa springi zilizomo ndani. Tena pleti zinaisha. Pikapu iliyofanya kazi miaka mingi, na kumwagiwa oili ya difu ya kawaida badala ya ile ya LSD, mara nyingi imebaki na jina tu.

Hapa niseme neno kuhusu ule ujanja wa kuvuta hendibreki kidogo gari likikwama. Unasifiwa kila mahali, kwa kila gari. Hesabu inaukubali kwenye LSD na kuukataa kwenye difu ya kawaida. Hendibreki inabana tairi zote mbili za nyuma. Difu ya kawaida itapeleka nguvu zaidi upande wenye mshiko, kweli, lakini breki ya upande huohuo inazila zote kabla hazijafika chini. Kwenye LSD upande mzuri unapata mara mbili, breki inakula sehemu, na kinachobaki kinasukuma gari. Aliyekwambia ulimsaidia alikuwa na LSD, au lilichomoka kwa sababu nyingine.

Shuka, usiongeze mafuta

Njia bora ya kuamua ninayoijua haihitaji mtaalamu. Ukikwama tena, acha kukanyaga mara moja, shuka, zunguka gari. Tafuta tairi lililochimba na tairi ambalo halikuzunguka. Utaona tofauti kwenye kinyayo chake: lililosugua limejaa tope bichi na shimo lake linang'aa, lililosimama bado lina vumbi au tope la zamani.

Usiishie hapo, maana difu ya kawaida karibu kila mara itasugua tairi moja tu, hata pale ardhi inapofanana pande zote. Chuchumaa uangalie chini ya lile lililosimama. Kanyaga pembeni yake kwa kisigino. Pakiwa pagumu, au kuna jiwe, au mizizi, au changarawe, loki ingekutoa. Kisigino kikizama kama kilivyozama kwa jirani, loki ingekuchimbia mashimo mawili badala ya moja. Na kama difu yenyewe, ile pulu ya chuma, au tumbo la gari limekalia tuta la katikati na tairi ziko nusu hewani, tatizo ni kimo. Hapo ni jeki, koleo na mbao.

Fanya hivyo msimu mmoja wa mvua, usikilize jibu linalojirudia. Watu wengi watagundua kwamba shida yao ni tairi za lami zilizokwisha, na hilo ni jibu la bei nafuu kuliko loki. Loki ya kuagiza pamoja na kazi ya kuifunga kwa kawaida inazidi bei ya seti ya tairi nne nzuri za njia za udongo. Ningeanza na tairi, kamba nzuri ya kuvutia na sehemu madhubuti za kuifungia, kisha ndipo nifikirie difu. Isipokuwa yule wa kabichi. Yeye aanze na vyote viwili.

Kama unanunua gari jipya na loki inakuja kutoka kiwandani kwa nyongeza ndogo, ichukue hata kama huna uhakika. Ya kiwandani imelingana na difu yake, ina kinga ya kutofunga ukiwa kwenye mwendo mkali, na itakusaidia siku ya kuuza. Kwa nini ya nyuma na siyo ya mbele? Kwa sababu ukipanda, uzito unarudi nyuma, na tairi zilizobanwa chini kwa uzito ndizo zenye mshiko wa kutumia. Loki ya mbele inaufanya usukani kuwa mzito na kulikataza gari kona. Toyota waliliweka hilo kwenye swichi yenyewe ya Land Cruiser za mfululizo wa 70: unazungusha unakutana na nyuma kwanza, ndipo nyuma na mbele kwa pamoja.

Ukiamua kuongeza kwenye gari la zamani, ziko za upepo, kama zile ambazo ARB ya Australia imezitengeneza tangu miaka ya 1980. Ziko za umeme. Na ziko zinazojifunga zenyewe bila swichi. Za upepo na za umeme zinakupa uamuzi mkononi: zimefunguliwa, difu ni ya kawaida kabisa. Zinazojifunga ni nafuu na hazina waya wala mpira wa upepo, baadhi zinaingia kwenye kasha lilelile badala ya spaida. Lakini zinagongagonga kwenye kona, na kwenye lami yenye mvua mkia unaweza kukushtua. Kwa pikapu inayobeba familia Jumapili, sizipendi. Kuna mafundi wanaochomelea spaida kwa moto ili difu ifunge daima. Hiyo ni ya trekta la shambani. Barabarani itakula tairi, itakata saidi shafti, na itakupeleka moja kwa moja kwenye kona siku moja.

Kwa loki inayobadilisha kasha zima, pesa ya fundi ni muhimu kuliko ya kifaa. Krauni lazima irudishwe ikutane na pinioni kwa nafasi ya sehemu ndogo za milimita, ikapimwe kwa saa ya kupimia na kuangaliwa kwa rangi jinsi meno yanavyogusana. Fundi akikwambia anapima kwa mkono na sikio, mshukuru, uondoke. Difu iliyofungwa vibaya inaanza kulia ikifika kilomita 60 kwa saa, na haikai muda mrefu baada ya hapo.

Kuitumia

Funga kabla ya shimo, gari likiwa limesimama au linatambaa, tairi zikiwa hazisugui. Kuifunga huku tairi moja linazunguka kwa kasi ni kuligonga chuma kwa chuma. Nenda sawa kadiri uwezavyo, ukanyage mafuta taratibu: ikifunga, saidi shafti moja inaweza kubeba karibu nguvu zote za nyuma peke yake, na ukikanyaga kwa hasira hiyo ndiyo inayokatika. Ukivuka, fungua. Ikigoma kufunguka, ni kwamba shafti zimejikaza. Rudi nyuma mita mbili tatu, tikisa usukani kushoto na kulia, itaachia. Lami kavu na loki havikai pamoja hata kwa kona moja.

Kwa anayenunua mtumba, usiamini swichi wala stika iliyo ubavuni. Kwenye magari ya Toyota, kile kibati cha kiwandani kina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Peleka namba hiyo kwa muuza vipuri anayezijua, atakwambia ekseli ilitoka na difu gani. Kisha chungulia chini ya gari: loki ya umeme ya Toyota ina mota iliyofungwa kwenye pulu ya difu, na waya wake. Mara nyingi utakuta mota ipo na waya umekatwa na kufungwa kwa nailoni. Unaweza pia kuinua tairi zote mbili za nyuma, juu ya stendi na tairi za mbele zimewekewa magogo, gia ikiwa fri na hendibreki imeachiwa, halafu uzungushe tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu iko wazi. Likikufuata upande uleule, ni LSD ambayo bado ina uhai, au ni loki iliyoganda imefunga.

Mwisho nenda nalo kwenye uwanja wa vumbi. Ingiza 4L (fowili ya gia nzito), bonyeza loki, tembea taratibu huku ukipinda kidogo huku na huku. Kwenye Toyota taa itametameta wakati meno yanatafutana, kisha itatulia. Ikishatulia, kata kona kali: utahisi gari linang'ang'ania kwenda sawa na tairi la ndani litaacha alama ya kuburuzwa kwenye vumbi. Taa ikiendelea kumetameta hata baada ya mita hamsini, mota imeganda kwa kukaa miaka bila kutumika, au maji yameingia. Inatengenezeka, ila bei ya gari ijadiliwe kama ya gari lisilo na loki.